Harusi Nzima kwenye CD Moja

Harusi ya Unguja haiingii ndani ya saa moja. Kuna akdi msikitini, wanaume na kanzu zao, khutba ya ndoa, halua na kahawa. Kuna siku za wanawake, na hizo zina ulimwengu wao: kusingwa, hina, somo na mwali wake chumbani, kisha usiku wa ukumbini, bi harusi akipandishwa jukwaani na taarab ikipigwa mpaka wenye watoto wadogo waanze kuaga. Familia yenye uwezo, au yenye hamu inayozidi uwezo, huongeza beni barabarani au kidumbak uani. Katika miaka ya 2000 mpiga video aliyefuatana na shughuli toka mwanzo mpaka mwisho alirudi na kanda nne, pengine zaidi, kila kanda dakika 60. Na karibu kila mwenye shughuli alitoa agizo lile lile: nitilieni yote kwenye CD moja.

Nilikuwa miongoni mwa waliokaa mbele ya kompyuta kulitimiza agizo hilo, katika chumba kidogo mjini chenye feni moja na pazia zito la kuzuia jua. Mimi ni mwanamke, ndiyo maana kanda za ukumbini zililetwa kwangu. Kazi ile niliipenda na bado naipenda. Lakini miaka inavyokwenda uchungu unazidi kunikaa juu ya vile vitu vilivyotolewa ili harusi ipate kuingia, kwa sababu leo watu wanakuja kuvitafuta, na havipo popote.

Kutaka CD moja kulikuwa na sababu zake, wala hazikuwa za kipuuzi. CD mbili hazikai pamoja. Moja huazimwa na jirani, ikarudi imekwaruzika au isirudi kabisa, na aghalabu isiyorudi ndiyo yenye ukumbi. Halafu kuna ndugu wa Maskati. Tangu watu wengi walipohamia Oman baada ya mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya 1970, harusi ya Unguja haiishii Unguja. Nakala ilipaswa kusafiri, na ilisafiri ndani ya mkoba wa abiria aliyeombwa kwa hisani. Mtu wa aina hiyo humtwishi furushi. Sababu ya tatu niliiheshimu kuliko hizo mbili. Video ya wanawake waliovua mabuibui wakacheza kwa raha zao haikutakiwa kuzurura. Kitu kimoja hufungiwa kabatini, na ufunguo ukajulikana uko kwa nani. Vikiwa vitatu, ipo siku kimoja kitaonekana pahala pasipostahili.

Hiyo waliyoiita CD ilikuwa DVD, na aliyepitia enzi ya VCD hakuiona kuwa ndogo hata kidogo. VCD, ambayo kanuni zake ziliwekwa mwaka 1993, ilichukua dakika 74, au 80 ukipata CD za megabaiti 700. Picha yake ilikuwa na pikseli 352 kwa 288 tu, na ilipewa kilobiti 1,150 kwa sekunde, basi. Nyuso za safu ya nyuma zilikuwa madoa. Harusi moja ilikula VCD tatu au nne, zikapangwa kwenye boksi zimeandikwa namba kwa kalamu, na deki za wakati ule zilizikataa kila zilipojisikia kuzikataa. DVD tupu zilipoanza kuuzwa sokoni Darajani kwa bei ya kukabilika, picha ikapanda hadi pikseli 720 kwa 576. Tulifurahi. Ilikuwa haki kufurahi.

Sasa hesabu. Kwenye boksi la DVD tupu imeandikwa GB 4.7, kompyuta iliisoma 4.37, kwani kiwanda huhesabu kwa elfu na kompyuta huhesabu kwa 1,024. Kanda ya MiniDV nayo hutoa megabaiti 3.6 hivi kila sekunde, yaani karibu gigabaiti 13 kwa saa. Kanda nne ni 52. Mzigo wa 52 uingie pahala pa 4.7: hubaki sehemu moja kati ya kumi na moja. Ukutani tulibandika karatasi yenye mgao wa kila urefu. Video ya saa moja ungeweza kuipa kiwango cha juu kinachokubaliwa na DVD, megabiti 9.8 kwa sekunde. Ya saa mbili ilipata kama 5, na ilipendeza. Ya saa nne ilipata 2.6, na humo humo utoe na sauti. Sauti isipobanwa huchukua megabiti 1.5, zaidi ya nusu ya mgao wote, kwa hiyo nayo tuliiteremsha hadi kilobiti 192. Vigelegele, kwa kuwa ni sauti kali ya juu, vikawa vya kwanza kuumia.

Wengine hudhani kubana video ni kuipunguza tu, kila kitu kipungue sawa. Sivyo. Mfumo wa MPEG-2 unaotumiwa na DVD hauhifadhi kila picha. Katika kundi la fremu 12, ambalo ni karibu nusu sekunde, huhifadhiwa picha moja kamili, na zilizobaki huelezwa kwa kutaja kilichohama na kilichobadilika. Ukuta uliosimama hauhitaji kuelezwa tena na tena. Shehe aliyekaa kwenye mkeka anasoma khutba, naye hugharimu kidogo mno. Picha yenyewe hukatwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na nafasi ikiwa haba, ndani ya kila kipande hutupwa kwanza yale mambo madogo madogo: mshono wa nguo, unywele, mikunjo iliyo chini ya jicho la mtu mzima. Hutupwa kwa kudhani kwamba mtazamaji hatayakosa.

Ichukue sasa kanuni hiyo uipeleke kwenye kibao kata. Wanawake ukumbi mzima wako wima, kila mmoja kajifunga kanga mbili, kila kanga na pindo lake na mji wake na maua yake, na zote zinayumba kwa mpigo mmoja. Mikono inapanda na noti za kutuza. Dhahabu zinametameta. Mpiga video, mwanamke mwenzao, anapenya katikati na kamera mkononi, naye anasukumwa. Taa ni hafifu, na kwenye giza kamera hujaza picha chenga chenga zinazobadilika kila fremu, ambazo programu ya kubana haina budi kuzihesabu kuwa ni mwendo. Hakuna kilichosimama cha kuelezwa mara moja. Kila kitu ni kipya kila mara, na mgao ni ule ule wa megabiti 2.4 uliobaki baada ya kutoa sauti. Programu ikizidiwa huacha kuchora mambo madogo, na unachobaki kukiona ni vigae: shavu limekuwa vigae, kanga imekuwa vigae, safu yote ya nyuma imekuwa ukuta wa vigae vya kahawia.

Hapo ndipo panaponiuma. Akdi ya wanaume, iliyokaa kimya juu ya mkeka, ilitoka safi, kofia zinahesabika nyuzi. Usiku wa wanawake, ambao kwa ajili yake ndiyo familia ililipa, ulitoka umevunjika. Hakuna aliyekusudia hivyo. Mhandisi aliyeupanga mfumo ule hakuwa na haja na Unguja. Lakini matokeo ni kwamba utulivu ulipata heshima yake yote na furaha ikanyimwa.

Palikuwa na dawa, nayo tuliitumia: kupitisha mara mbili. Programu kama TMPGEnc, iliyotoka Japani na kuenea duniani kote kwa watu wa kazi yetu, iliweza kuitazama video yote kwanza bila kuandika kitu, ikapima wapi pana mwendo na wapi pametulia, kisha ikarudi mwanzo na kugawa: ikimnyang'anya shehe kidogo, ikiwaongezea wachezaji. Tofauti ilionekana wazi. Ila kwa kompyuta za Pentium 4 tulizokuwa nazo, video ya saa nne ikipitishwa mara mbili ilikesha usiku kucha, na asubuhi pengine bado.

Kukesha kulitaka umeme. Umeme wa Unguja huja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara, na mwezi Mei 2008 ulikatika, kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Watu walichota maji kwa ndoo, samaki wakaoza kwenye majokofu, kwa hiyo siwezi kusema video za harusi ndizo zilizokuwa msiba mkubwa. Lakini harusi hazikusimama. Kila ofisi ya video ilinguruma kwa jenereta, na petroli ina bei, basi mara mbili ikawa mara moja. Nikiletewa leo DVD iliyoandikwa tarehe ya miezi ile, huwa najua kabla sijaitia kwenye deki.

Mtu atauliza kwa nini video haikukatwa ikawa saa mbili, ikapata megabiti zake 5 na ikaisha salama. Anayeuliza hajawahi kukabidhi video ya harusi. Ukimkata shangazi wa bwana harusi, hatasema umemkata kwa kukosa nafasi. Atasema ameagizwa mtu amkate, na atajua nani kaagiza. Kila aliyetuza alitaka aonekane akituza; kila aliyepika alitaka sufuria lake lionekane likipakuliwa. Kubana kulikuwa na amani. Wote walibaki ndani, hakuna aliyetolewa, na uharibifu ukagawanywa kwa watu wote kwa namna ambayo hakuna mmoja angeweza kunyanyua kidole. Naielewa busara ya uamuzi ule hata leo, ndiyo maana ni vigumu kuukasirikia.

Kitu kimoja nilikiona toka siku zile, na sikupata mtu wa kunisikiliza. Ni jina la kanga, yale maneno yaliyochapwa juu ya pindo. Kwenye kanda halisi, mwanamke akikaribia kamera na kugeuka, maneno yale yalisomeka. Kila anayeijua shughuli ya kwetu anajua kwamba kanga haivaliwi ovyo: ukewenza, wifi, shoga aliyegeuka adui, yote husemwa kwa kanga na mdomo ukabaki umefungwa. Baada ya kubana, maneno yalikuwa mstari mweusi uliochafuka. Kwenye DVD watu wanacheza, wanatabasamu, wanapeana mikono, na ule ugomvi wote uliokuwa ukiendelea chini ya tabasamu umefutika. Mtafiti atakayeitazama video ile miaka hamsini ijayo atadhani kila mtu alikuwa na furaha na kila mtu.

Tena mgao mdogo ule tuliupunguza kwa mapambo. Wateja walipenda mioyo inayoruka, maua yanayofunguka, picha ya bwana harusi ikiyeyuka polepole kuwa picha ya bi harusi. Kwa MPEG-2 hakuna kitu cha ghali kuliko picha mbili zinazoyeyukiana, maana kila pikseli inabadilika bila kuhama. Kila yeyusho la sekunde tatu lilikula biti ambazo zingetosha kumpa bibi wa nyuma uso.

Yote hayo yangesameheka kama kanda zingebaki. Hazikubaki. Kanda ya MiniDV ilikuwa bei, na harusi nyingine ilikuwa Alhamisi. DVD ikishakabidhiwa na mwenye shughuli akaridhika, kanda ilirudishwa mwanzo na kuandikiwa juu. Ndiyo ilikuwa desturi ya kazi, si ya ofisi moja. Hata familia zilizoambiwa zinunue kanda zao ziliuliza za nini, na swali lilikuwa la maana: nyumbani hakuna kamera ya kuichezea, na CD si hii hapa? Hivyo sehemu moja ya kumi na moja ikawa ndiyo yote. Na sehemu hiyo yenyewe iko juu ya rangi ya kemikali iliyopakwa kwenye plastiki, rangi isiyopatana na jua, joto wala unyevu, vitu vitatu ambavyo Unguja haijawahi kuvikosa. DVD zilizobandikwa karatasi ya picha ya maharusi zimepinda. Nyingine zinafunguka hadi katikati, kisha deki inaanza kukwaruza.

Watu wanaoniletea siku hizi hawakuja kumtazama bi harusi. Bi harusi yupo, anaishi Mbweni au Maskati, ana simu yenye picha zake elfu. Wanamtafuta aliyekuwa nyuma. Bibi mmoja wa makamo aliniwekea kidole kwenye kioo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu hapa, anayekaa karibu na mlango. Ndiye mama. Picha nyingine yake akiwa mtu mzima hatuna. Huwezi kumsafisha?"

Mlangoni palikuwa na giza na mbele yake watu wanacheza. Mama yake alikuwa vigae kama ishirini, na mtandio. Binti yake alimjua kwa ukaaji, kwa vile alivyoegemeza mkono kwenye goti. Nikamweleza kwamba kilichotupwa hakikufichwa mahali, hakikufunikwa na uchafu wa kufutwa. Hakikuandikwa kwenye CD hata siku ile ya kwanza. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema mjukuu wake anayo programu ya akili mnemba kwenye simu.

Anayo, na wengi wanayo. Nimeziona kazi zake. Ukiipa vigae ishirini itakurudishia uso: macho maangavu, nyusi zimenyooka, ngozi laini. Ni uso mzuri wa mwanamke ambaye hajawahi kuzaliwa. Programu imejifunza nyuso za watu wengine, na inajaza pengo kwa kukisia. Nilimwona yule bibi wa makamo akiitazama picha ile ya mjukuu, akaitazama tena, akairudisha simu bila neno. Naogopa siku ambayo hatakuwepo yeye wala mwingine anayekumbuka, na watoto wakatundika ukutani uso ule wakauita wa bibi yao.

Kwa upande wa nafasi, dhiki imekwisha. Simu ya iPhone ikirekodi kwa 4K na fremu 60 kwa sekunde hutumia kama megabaiti 400 kwa dakika, kwa hiyo kile kikapu chetu cha 4.7 kingejaa kabla ya dakika 12. Diski ya mfukoni ya terabaiti moja inameza zaidi ya kanda 70 za MiniDV bila kuzigusa. Lakini tazama harusi zinavyokaa sasa. Video inapigwa safi, inatumwa kwa WhatsApp, ambayo kwa miaka mingi iliweka kikomo cha megabaiti 16, kisha simu ikijaa ile ya asili inafutwa kwa kuwa "ipo kwenye grupu". Video ya dakika tatu ndani ya megabaiti 16 inapata biti chache kwa sekunde kuliko VCD ya mwaka 1993. Ni kweli mbinu za leo za kubana ni bora zaidi, biti moja inafanya kazi kubwa. Hata hivyo kibao kata ni kile kile, na giza la ukumbi ni lile lile. Halafu mtu wa Dubai anaipakua, anaiweka kwenye status, mwingine anairekodi tena kutoka kwenye kioo, na kila mkono unaipunguza.

Juzi juzi kimeletwa kitu ambacho sikukitarajia. Familia moja ya Maskati imepata kwenye sanduku la marehemu ami yao kanda za MiniDV za harusi ya mwaka 2005, zenyewe, hazikuandikiwa juu. Yule ami alikuwa amezilipia wakati ule, wenzake wakamwona mpotevu wa pesa. Kompyuta za leo hazina tundu la FireWire la kuunganisha kamera za kanda hizo, lakini nimeitunza kompyuta moja ya zamani kwa kazi hiyo, na kamera ambayo kichwa chake bado kinasoma. Kila kanda inachukua saa yake kamili, haiharakishwi. Tulikaa na wanawake wa nyumba ile tukiitazama ikiingia, na walikuwa wakitaja watu: yule wa Makunduchi, yule jirani wa Kikwajuni, yule aliyekuja bila kualikwa. Kanga zikasomeka, na kwa mbili tatu wakaangua kicheko, wakakataa kunieleza.

Zimehifadhiwa kwenye diski mbili, moja hapa na moja Maskati, bila kubanwa hata kidogo, na sehemu ya wanawake ina neno la siri ambalo analo bi harusi mwenyewe. Kanda ya beni imeota ukungu kwenye kingo zake. Hiyo bado tunaisafisha, polepole, na mpaka sasa tumepata dakika za mwanzo.